Kiti cha Télesphore

…na bado anakula, anafinyanga bugali polepole, anachovya kwenye mchuzi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, anatafuna, na mimi siwezi kumuuliza, kwetu mtu akitoka safari haulizwi habari mpaka ale ashibe anawe mikono, mama mkwe alinifundisha hivyo na leo namlaumu huko aliko, maana huyu ni Aloys, mdogo wa mume wangu, ametoka kuzunguka milima ya Congo akitafuta ndege iliyopotea na Télesphore ndani, fundi wa injini, aliyeniaga akisema Jumapili tutaenda misa pamoja… "Shemeki, pilipili iko?" Iko, nasema, na siinuki, milima yenyewe tunaiona toka hapa mtaani kwetu Nyakabiga mvua ikishakatika, ng'ambo ya ziwa, nimeitazama mpaka nikaichukia, huku vita, kule vita, wenye ndege wakasema msitu umefungana, tumwachie Mungu, ila Aloys akafunga kamba za viatu akaenda, na kifua chake kile kibovu… amekonda maskini, lakini mzima, asante Mungu, huyu umenirudishia… halafu naona alipokaa. Kiti cha Télesphore, kile cha karibu na dirisha, hakuna aliyekikalia tangu ndege ipotee, watoto wakikigusa nawafokea, na ni Aloys mwenyewe aliyeapa mbele ya majirani, sikalii kiti hiki mpaka nimwone kaka kwa macho yangu, akiwa mzima ama akiwa maiti, sasa anathubutuje, ondoka hapo, mdomo wangu umeshafunguka… naye hajui hata amekaa wapi, amechoka, amekaa tu kama mtu aliyemaliza kazi, na chini ya kucha zake udongo mwekundu… basi amemwona. Amemwona, na angekuwa hai wangeingia wawili. "Batu ya kule juu, shemeki," anasema, tonge mdomoni, "beko na roho muzuri," kisha anakumbuka adabu, anakata tonge jingine, na mimi nalia bila sauti, kwa sababu uhai niliacha kuuomba zamani, niliomba tu asinyeshewe peke yake, na kumbe watu nisiowajua, wenye vita vyao lakini wenye roho nzuri, walimwona, wakamfunika kwa udongo, wakamwonyesha ndugu yake mahali alipolala… Mungu awape mvua na mavuno, sasa nitamlilia mume wangu vizuri, nitafunga matanga kama wenzangu… "Shemeki, pilipili?" Nakuletea, Aloys, kaa hapo hapo, kula polepole, leo sina haraka.