Nusu Gesi

Baba yangu anaitwa Nusu Gesi. Wazazi wake hawakumpa jina hilo. Alipewa na mtu mmoja, juu ya mlima, mchana kweupe, mbele ya watu waliocheka mpaka wakashika mbavu. Nilikuwa mdogo, nimekaa mabegani kwa jirani ili nione vizuri, na nikaona vizuri. Wanaosema mtoto husahau hawajawahi kuitwa "kitoto cha Nusu Gesi" kwenye mstari wa shule, tena na mwalimu.

Mambo yalikuwa hivi. Kampuni ya malori aliyoifanyia kazi baba ilikuwa na kigari cha mashindano: chekundu, milango miwili ya kawaida na mmoja wa kunyanyua nyuma, kifupi kama kiatu, lakini chini ya boneti kulikuwa na turbo na hasira. Kila mwaka kilipandishwa mlima kushindana na saa. Mwaka mmoja kabla ya zamu ya baba, dereva alikuwa mjomba, kaka wa mama wa tumbo moja. Mjomba alipanda na hakushuka. Kona ya juu ilimchukua. Kampuni ikanyoosha bati, ikapaka rangi upya, ikamwambia baba: haya, sasa wewe. Kigari kilekile.

Baba akapanda. Chini kigari kilivuta, katikati kikavuta kwa kujilazimisha, na mwinuko wa mwisho kikaupanda kama mtu mwenye gunia la saruji kichwani. Akamaliza mkiani. Fundi aliyekiandaa, yule tunayemwita Daktari kwa sababu ya koti lake jeupe, akatangaza bila kufungua hata boneti: "Injini ni nzima. Mgonjwa ni mguu. Jamaa ameendesha kwa nusu gesi!" Bosi akacheka, na bosi akicheka wote hucheka. Wiki iliyofuata baba hakuwa na kazi. Kigari walimwachia. Gari lililoua mtu na kumwaibisha mwingine, nani angelitaka?

Likakaa juu ya mawe nyuma ya nyumba, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Baba alinunua pikapu kuukuu ya kubebea mchanga akaendelea na maisha, ila ile pikapu nayo ilikuwa na sifa yake mtaani: kwenye mlima haina raha. Watu wakapata la kusema. "Si gari, ni dereva. Hata lori la zimamoto akilishika litakuwa nusu gesi." Baba alikuwa akitabasamu. Ni tabasamu ambalo sipendi kulikumbuka.

Mimi nilikataa. Sikusomea ufundi popote. Nilifungua injini ya pikapu, nikafunga, na kilichobaki mkononi nikakitafutia mahali pake. Nilivyozidi kujua ndivyo nilivyozidi kuwa na hakika: injini ya kigari haikuwa nzima siku ile, na Daktari alijua. Ama alifunga vifaa vilivyochoka, ama aliuza mashindano. Nilisema hivyo kwa kinyozi. Nilisema stendi. Nilisema harusini, na mara moja nilisema msibani, mama akanivuta gauni nikae chini. Ndiyo maana wananiita Spika.

Mwishoni Daktari akachoka nami. Karakana yake ndiyo pekee yenye mashine ya kupimia nguvu: gari linapandishwa juu ya rola, magurudumu yanazunguka palepale, kioo ukutani kinaonyesha nguvu za farasi. Akanijibu mbele ya watu, pale kwa kinyozi:

"Spika, lete kigari chenu. Kifanye utakavyo. Kikitoa nguvu, nitasimama niseme baba yako hakuogopa. Kisipotoa, utasimama wewe useme nilisema kweli. Halafu unyamaze. Unaweza kunyamaza?"

"Andaa pa kusimama," nikamwambia.

Nikaingia kazini. Kamshafti nilibadilisha. Matundu ya hewa kwenye silinda hedi niliyasugua kwa msasa na kidole mpaka yakateleza kama ndani ya kikombe. Turbo kubwa zaidi niliitoa kwenye gari la mizigo lililokufa, injekta nikatafuta za kuendana nayo, bomba la moshi nikalichomelea upya, nene. Injini ilitoka kiwandani na farasi mia na ishirini. Kwa hesabu zangu sasa ilikuwa na mia mbili bila kutoka jasho.

Na nilifanya peke yangu. Sikuruhusu mtu ashike hata spana, maana mtu wa Daktari anaweza kuwa mtu yeyote. Kazi ya kukagua gesi huwa ya watu wawili: mmoja anakanyaga pedali ndani, mwingine anachungulia kwenye injini. Mimi nilikuwa navuta kwa kidole waya wa gesi, ule unaofungua kibati cha hewa, hukohuko kwenye injini, na injini inalia mpaka majirani wanafunga madirisha. Nikaridhika.

Ndani ya gari sikugusa. Zulia la sakafuni mama alilishona mwenyewe mwaka ule wa mashindano, zito, limebandikwa kwa gundi, na kwa hilo alikuwa mkali. "Injini ni yako, mwanangu. Ndani paache palivyo." Nikasema moyoni, ni kwa ajili ya kaka yake. Nikamheshimu.

Siku yenyewe tulikivuta kwa kamba, nyuma ya pikapu ya baba. Kwenye kile kimwinuko cha kuingilia karakana pikapu ikaanza kuguna, gia ya kwanza, baba amelala juu ya usukani. Kinyozi alikuwa akitembea kando yetu, na alitupita.

"Mzee, nisukume moja au zote mbili?"

"Sukuma mdomo wako ndani," nikamwambia.

"Huyo ndiye Spika! Betri mpya hiyo!"

Karakana ilijaa. Baba na mama waliwekewa benchi karibu na ukuta, mama ameshika chupa ya chai kwa mikono miwili kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu. Daktari, nywele zimekwisha lakini koti lilelile jeupe, akafunga kigari kwa mikanda, akakaa kwenye usukani mwenyewe. Akaingiza gia. Rola zikaanza kuvuma. Gia ya pili, ya tatu, ya nne. Akakanyaga.

Nilisubiri ule mlio. Haukuja. Gari lilivuta, likavuta, likakaa hapo, kama mtu aliyetaka kusema neno akaghairi. Nikatazama ukutani.

Themanini na sita.

Nilidhani mashine haijamaliza. Nikasubiri. Themanini na sita, pungufu ya kiwandani. Masikio yakaziba. Nilimwona kinyozi akifungua mdomo na sikusikia alichosema, lakini nilisikia watu wakicheka, kicheko kilekile cha mlimani, kana kwamba kilikuwa kimewekwa akiba mahali. Sikuweza kumtazama baba. Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa vimerudi chini ya benchi.

"Rudia," nikasema.

Akarudia. Themanini na tano.

Daktari akazima, akashuka. Sikuona furaha usoni mwake, alikuwa amekunja uso. "Turbo hii haiwezi kutoa hivi," akasema, kama anajisemea. "Hata ikiwa imefungwa na kipofu. Spika, ingia ndani. Kanyaga gesi, mimi nichungulie."

Nikaingia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuweka mguu kwenye pedali ile.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Mpaka chini."

"Iko chini!"

"Kibati cha hewa kimefunguka nusu tu. Nimesema kanyaga, binti, usiibembeleze!"

Nikasimama kwa mguu wa kulia na uzito wangu wote. Pedali haikusogea. Nikashuka, nikapiga magoti kwenye saruji, nikaingiza mkono chini yake. Zulia. Chini ya zulia, kitu kigumu, kinene, kinabonyea kidogo.

"Usikate," sauti ya mama ikasema.

Nikageuka. Alikuwa amesimama, chupa ya chai kaiacha kwenye benchi.

"Usikate zulia. Upande wa kushoto nilishona kwa uzi mwepesi. Vuta tu."

Nikavuta. Uzi ukaachia. Nikatoa soli ya ndala, ya buluu, imekatwa nusu, nusu hizo zimepandishwa moja juu ya nyingine na kushonwa kwa uzi wa nailoni. Kisigino chake kilikuwa kimelika upande mmoja. Namjua mtu ambaye ndala zake hulika upande huo. Amenilea.

"Ni yangu," mama akasema. "Niliiweka usiku wa kuamkia mashindano."

Hakuna aliyecheka. Kinyozi alikuwa ameshika kofia yake.

"Mama," nikasema, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na neno la pili.

"Nilikwenda kwa bosi nikamwomba asimpandishe. Akaniambia niende nikapike. Nikaja hapahapa, nikasimama pale kwenye pipa." Akamnyooshea kidole Daktari. "Nikakuomba upunguze injini. Ulisemaje?"

Daktari akatazama lile pipa. "Nilisema... wanawake wasiingilie mashine."

"Nikaingilia. Kaka yangu nilimzika bila kufunguliwa jeneza. Sikuwa na kaka mwingine wa kuzika, nilikuwa na mume." Ndipo akamgeukia baba. "Nilikuomba na wewe. Ulisema kazi ni kazi. Nilitaka urudi tu. Sikujua watakupa jina. Na kila mwaka nilisema kesho nitamwambia, jina likazidi kukomaa, na mimi nikazidi kuogopa."

Baba alisimama taratibu. Akaja, akaichukua ile soli mkononi mwangu, akaibonyeza kwa kidole gumba.

"Kwa hiyo mguu wangu ulifika chini," akasema.

"Ulifika."

"Siku ile nilijua umefika. Niliuhisi. Halafu wakasema, wakasema, mpaka nikaanza kuwaamini. Nimekuwa nikiamka usiku nauangalia mguu huu. Mke wangu, nimeuchukia mguu wangu mwenyewe."

Mama akafunika uso kwa mikono. Mimi nilitaka kupiga kelele na sikujua nimpigie nani. Umri wangu wote nilikuwa nimeelekeza mdomo upande mmoja, na upande wenyewe haukuwa na kitu.

Daktari akakohoa, akapanda juu ya kreti la soda. "Nilisema nitasimama. Nimesimama. Huyu mtu hakuogopa." Akashusha sauti. "Lakini injini yangu ilikuwa nzima, Spika. Hilo nalo liseme."

"Ilikuwa nzima," nikasema kwa nguvu, wote wasikie. "Hukuiba kitu, nami nimekusingizia. Na hili lisikie wewe: kuinama chini ya usukani kungekuchukua muda gani? Hukuangalia pedali. Ulimwangalia mtu, ukaona uoga, kwa sababu mtu ni rahisi kumfungua kuliko boneti. Mama yangu alikuambia kabla, mdomo kwa sikio, ukamfukuza. Hilo sitakusamehe leo wala mwakani."

Daktari akashuka kwenye kreti.

Baba alikuwa ameshaingia garini. Akafunga mkanda. Akawasha. Daktari alipotaka kuegemea dirishani kumwelekeza, baba akainua kiganja, naye akarudi nyuma. Gia ya pili. Ya tatu. Ya nne. Akakanyaga.

Mabati ya paa yalitetemeka. Turbo ilipiga mluzi mwembamba uliopanda mpaka ukawa kama sindano sikioni, bomba likatema moto, spana zikaanguka ukutani. Mama hakuziba masikio. Alisimama mbele ya taa za gari akimtazama usoni, na baba akimtazama yeye, na mguu ukabaki chini, ukabaki chini, halafu akauinua. Mwenyewe. Injini ikatulia.

"Hapo," akasema. "Hapo ndipo ninapouinua mimi."

Ukutani palikuwa na mia mbili na tisa. Nilikuja kuambiwa baadaye. Wakati ule sikuangalia.

"Dereva," Daktari akaita. Mtu huyu alikuwa hajawahi kumwita hivyo. "Dereva, samahani."

Baba alishuka bila kumtazama. Alikuwa bado ameshika ile soli, anaigeuza, anaigeuza. Nilimwona akianza kufikiri jambo, taratibu, uso ukibadilika.

"Mke wangu."

"Abee."

"Ndala huwa ni mbili."

Mama akatazama chini.

"Ya pili iko wapi?"

Macho ya mama, kabla hajaweza kuyazuia, yalipita juu ya bega la baba, yakatoka nje ya mlango, yakaenda kutua kwenye pikapu. Ile niliyojifunzia ufundi. Ile ambayo injini yake niliishusha na kuipandisha mara sijui ngapi, nikitafuta ugonjwa.

Sote tuligeuka kuitazama: kinyozi, Daktari, mimi. Baba alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea kule, kwanza polepole, halafu mbio.