Wapwa wa Fundi Saa

Mlango wa Fundi Saa ulipoanza kufungwa mchana, Mama Pacha alijua kuna jambo. Walikuwa majirani wa miaka mingi kwenye ghorofa ya tatu ya nyumba za serikali, mlango kwa mlango: yeye na cherehani yake na mabinti zake pacha, mzee na saa zake mbovu za watu. Siku zote mzee aliacha mlango wazi apate hewa. Sasa ulikuwa umefungwa, na ndani zilisikika sauti za vijana.

Alipomkuta kwenye ngazi alimuuliza wageni ni akina nani. Mzee akajibu bila kumtazama kwamba ni wapwa zake, wamekuja kutafuta kazi. Mama Pacha akaitikia vizuri tu, akapanda zake, lakini neno lile halikumtoka akilini. Mzee huyuhuyu aliwahi kumwambia kwamba mama yake alimzaa yeye peke yake. Mtu asiye na ndugu anapata wapi wapwa?

Tangu hapo hakutulia. Alisogeza cherehani karibu na mlango, akawa anashona huku sikio liko koridoni. Watu walikuja mmojammoja, wakagonga mlango wa mzee kwa ukucha, wakaondoka upesi. Balbu ya ngazini ilikuwa ikiwekwa inaibwa. Siku moja mabinti walirudi na vipakti vya plastiki walivyookota koridoni, vyenye mabaki ya unga mweupe, wakitaka kuvichezea, na hapo damu ikamchemka. Mzee aliyewabeba mabinti hawa mgongoni, leo anauza unga mlangoni kwao! Akaenda ofisi ya nyumba, akamtaja Fundi Saa kuwa ndiye mwenye biashara. Msimamizi, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alimshukuru, akasema polisi watapewa habari.

Siku chache baadaye mlango wake uligongwa. Alikuwa Fundi Saa, na kando yake kijana mwenye kofia, amemshika kiwiko kama anayemsaidia kutembea.

"Mama Pacha," mzee alisema, "ile suruali yangu uliyosema utaipunguza kiuno, njoo basi unipime."

Hawakuwahi kuongea habari za suruali yoyote. Kilichomjia kwanza ni kwamba wameshajua nani kawashtaki, na sasa wanamvuta ndani. Kisha akatazama kiuno cha mzee. Mkanda ulikuwa umemzunguka karibu mara mbili. Akawaambia mabinti wafunge komeo, akachukua futi yake ya kupimia, akavuka korido.

Ndani, kijana mwingine alikuwa amelala na viatu kwenye kitanda cha mzee. Blanketi la mzee lilikuwa jikoni, juu ya boksi lililotandikwa chini ya sinki. Ufunguo wa nyumba ulining'inia shingoni kwa yule mwenye kofia, ambaye aliketi akibonyeza simu. Mama Pacha akapiga magoti kupima. Mzee akainama kama anayetazama futi.

"Hao si wapwa zangu, mwanangu," alinong'ona. "Nilimhifadhi mmoja siku ya mvua. Sasa mgeni ni mimi."

Mama Pacha akasema kwa sauti kwamba vipimo ameshavipata, akaaga, akaenda moja kwa moja ofisini.

Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamtazama kwa jicho jingine kabisa. Juzi mzee alikuwa muuza unga, leo amekuwa mateka. Akamuuliza nani kamtisha, au amepewa nini. Akamkumbusha kwamba mkataba ni wa mzee, na nyumba ikikutwa na dawa za kulevya, mpangaji anatolewa.

"Juzi nilisema nilichokiona kutoka mlangoni kwangu," Mama Pacha alijibu. "Leo nimeingia ndani. Andika hili la leo, nami nitalisema popote."

Polisi walikuja asubuhi. Waliwachukua wote, na mzee akashushwa ngazi na pingu mikononi. Mama Pacha aliwaacha mabinti kwa jirani wa chini, akafuata hadi kituoni, akayarudia maneno yake kwa askari aliyemuuliza swali lilelile kwa kulizungusha huku na huku. Jioni mzee akaachiwa. Vijana walibaki mahabusu. Ofisi haikumtoa kwenye nyumba; ilibadilisha kitasa chake, ikamwekea mnyororo, na ngazi ikapata taa zenye kizimba cha waya.

Lakini kule kituoni mzee alikuwa ameshaambiwa malalamiko ya kwanza yalitoka mlango gani.

Mama Pacha alipompelekea chakula, mzee aliuliza nani, akauliza tena, ingawa sauti aliijua. Mlango ukafunguka kiasi cha mnyororo. Sahani haikuweza kupita. Mzee akaitazama kwa muda, akaurudisha mlango, na Mama Pacha akasikia mnyororo ukitolewa.

Aliipokea sahani kwa mikono miwili, akashukuru. Hakumkaribisha ndani, na Mama Pacha hakumlaumu.