Mwenyekiti wa Kompyuta

Mtihani wa cheti cha kompyuta ulitungwa Mbarara, kwenye ukumbi wa mapazia mazito, na wasomi waliokuwa wanakula sambusa. Walikuwa wanatafuta jina la yule mtumiaji anayeruhusiwa kila kitu: kufungua mafaili, kuyafuta, kuwapa na kuwanyima wengine ruhusa. "Msimamizi mkuu" wakasema wakimbizi hawatalielewa. Basi wakamwita "mwenyekiti". Najua walijipigia makofi.

Hakuna aliyekuja kutuuliza sisi wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Kwetu mwenyekiti wa kijiji kazi yake ni kukuandikia barua na kuigonga muhuri. Barua inaenda ofisini, na ofisi ndiyo inakubali au inakataa. Hata mtoto wa chekechea anajua hilo.

Kwa hiyo swali lilipouliza mwenyekiti anaruhusiwa nini kwenye mafaili ya wagonjwa, mwanafunzi wangu Capitoline akaandika: anasoma, anapendekeza, hafuti kitu. Akafeli kwa swali hilo moja. Na zahanati ilikuwa inamngoja na cheti chake, aanze kazi Jumatatu. Mama huyu amelima mashamba ya watu mpaka mgongo umepinda, leo kazi ya kukaa kitini inamponyoka kwa upuuzi wa watu walioshiba. Roho iliniuma.

Mimi ninacho kibali cha mwaka mzima cha kutoka kambini, kwa hiyo siku ya kusikilizwa rufaa yake nilikwenda Mbarara. Bwana Muhwezi, mkuu wa watunzi, alinisikiliza huku anakoroga chai.

"Mwalimu, mwenyekiti ni mkubwa. Kila mtu anajua hiyo."

"Mkubwa wa muhuri," nikamwambia. "Mungemuita tu mwenye ruhusa zote, mambo yangeisha."

Akanong'onezana na wenzake, wakakubali. Mwakani litaandikwa hivyo.

"Na alama za Capitoline?"

"Rufaa tunasikiliza mtahiniwa akiwa hapa. Leo ndiyo mwisho. Yuko wapi?"

"Nakivale. Anangoja kibali cha kusafiri."

"Kwani hakuomba mapema?"

"Aliomba siku ileile mulipomuita. Mwenyekiti akagonga muhuri palepale."

Muhwezi akaweka kijiko chini.

"Sasa kama mwenyekiti alishakubali, mbona hakuja?"

Akaandika kwamba mtahiniwa hakufika, kisha akaomba chai nyingine.