Kifagio Alikimbia

Zedekiah wangu kompyuta anaiweza. Wazee ndio wanaomshinda. Ukimuuliza anafanya kazi gani, anakwambia anatengeneza tovuti. Ukimuuliza bosi wake ni nani, anacheka. Sasa mtu wa namna hiyo nimpeleke vipi mbele ya baba mkubwa Clifford, aliyepima malori ya miwa kwenye mizani mpaka akastaafu, na ambaye hadi leo haamini kitu kisicho na uzito?

Lakini baba yangu alishafariki, na bila neno la baba mkubwa hakuna harusi. Mwaka huo wa 2006 alikuja Nairobi kutoka Malava na koti lake la sufu na swali moja.

"Namalwa, huyo kijana anafanya kazi wapi? Na usinionyeshe hewa."

Kazi yenyewe ilifanyiwa mtaa wa Satellite, katika chumba ambamo meza na jiko vilibanana. Kwenye tovuti yake Zedekiah alikiita studio, na yeye mwenyewe alijiandika kama anayemsifu mtu mwingine: "Zedekiah ni mbunifu mwenye uzoefu mpana." Upana gani, na hata kitanda kiligusa kuta mbili! Nikaona mzee asifike huko. Tukaomba nafasi kwa Navnit, mteja wake mwenye duka la masinki na vyoo Westlands. Ofisi yake iko juu ya duka, na intaneti yake haikuwa ya kusuasua.

Navnit alituagizia chai, akakaa pembeni kututazama kama sinema. Zedekiah alifungua tovuti yake, akasoma sifa zake zote kwa sauti. Mzee alisikiliza huku amefumba macho. Alipofumbua, aliona maneno ya chini kabisa: Miradi yangu binafsi.

"Na hii?"

"Hiyo ni mchezo tu, mzee."

Mchezo! Hapo ndipo Jumamosi zangu zilipokuwa zikipotelea. Zedekiah alizunguka vijiji vya kwao na kamera, akikusanya mafahali wa kupigana: jina, mwenyewe, picha, nani alikutana na nani, nani alikimbia. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa. Nilishamwambia aoe ng'ombe basi.

Mzee alivuta kiti. "Tafuta Kifagio."

Nilikuwa nimemfundisha Zedekiah kila kitu kuhusu baba mkubwa: asikunje nne mbele yake, asikatae chai, asimkatize. Sikumwambia kwamba mzee ana fahali. Nani angekumbuka fahali Westlands?

Picha ilifunguka polepole, pembe kwanza. Kisha jina la mwenyewe, Clifford wa Malava. Kisha maneno: Alikutana na Radi wa Shinyalu. Alikimbia.

"Alikimbia?" Mzee alisimama. "Kifagio akimbie? Alikuwa anaenda kunywa maji!"

Zedekiah alinitazama. Nilimtolea macho. Vidole vyake vikakimbia kuliko huyo fahali, na mara ukurasa ukasema Kifagio alishinda. Nilishaanza hata kuchagua kitambaa cha gauni.

Mzee hakucheka. "Imeisha? Hivyo tu?"

"Ndiyo, mzee."

"Na kila mtu akifungua ataona alishinda?"

"Kila mtu."

"Rudi pale ulipojisifu." Zedekiah akarudi. Mzee akaweka kidole kwenye kioo. "Na huu uzoefu mpana, uliuandika na vidole gani? Si ni hivyo hivyo?"

Niliogopa, nasema kweli. Nilimpenda yule mwanamume na maringo yake yote, na nilimwona akinitoka hivi hivi.

Mzee alimgeukia Navnit. "Bwana, wewe umemwona huyu akifanya kazi?"

"Mzee, mimi nitasema ukweli," alisema Navnit, akiweka kikombe chini. "Website tulipatana iwe tayari Pasaka. Ikakuja Diwali, mwaka unaisha. Picha ya sinki akaweka kichwa chini, customer ananiuliza maji itakaa wapi. Lakini wale mafundi wawili nilikuwa nao kabla yake, nikipiga simu ni mteja hapatikani. Huyu anakuja. Hata Jumapili anakuja, na viatu ya kanisa."

Mzee aliyapima maneno hayo. "Basi andika hivyo. Mpana toa. Andika: huchelewa, lakini huja."

Zedekiah aliandika, masikio yakiwaka. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na Kifagio, mzee?"

Baba mkubwa alitazama ile picha kwa muda mrefu. Nyumbani fahali yule ndiye jina lake, sokoni na hata kanisani.

"Rudisha."

"Mzee?"

"Rudisha alikimbia. Soko lote lilimwona. Nikimwacha hapo ameshinda, na kila mtu anajua ni uongo, nitawaambia nini watu wakiniuliza msichana wetu ameolewa na mtu wa kazi gani?"

Zedekiah alibonyeza herufi moja moja, na mzee akazifuata moja moja mpaka mwisho. Aliposoma neno lenyewe aliguna kama mtu aliyechomwa sindano. Kisha akachukua kofia yake, akanigeukia.

"Mwambie alete wazee wake Desemba, tuzungumze mahari. Na katika hao ng'ombe, Radi asiwemo."