Sauti Nne kwa Mashine ya Sauti Tatu

Fulgence, fundi redio wa Kibaoni, alikuwa mbishi tangu utotoni, na safari hii alikuwa akibishana na kompyuta ya gemu. Mzungu mmoja aliyekuwa akichunguza mbu kule Namawala ndiye aliyemwachia alipoondoka: kibodi nene ya kuchomeka kwenye televisheni, iliyokwisha kupitwa na wakati hata huko kwao. Watoto wa mtaani waliitaka wacheze gemu. Akawatimua. Alikuwa amegundua kwamba ukiiandikia namba inapiga muziki, na muziki huo alikuwa na kazi nao.

Dada yake, Digna, mwalimu wa kwaya, alikuwa anakufa. Ugonjwa wenyewe miaka ile watu waliutaja kwa kunong'ona, na wanakwaya, wale wale aliowafundisha do-re-mi mpaka wakaanza kuringa, walikoma kuja hata kumjulia hali. Aibu yao! Kitandani pale alitunga wimbo wa sauti nne, akauandika kwenye daftari. Lakini koo lilikuwa limeshakauka, na wa kumwimbia hakuna.

"Mdogo wangu," alisema, "nataka niusikie mara moja tu. Sauti zote nne. Nikishausikia, basi."

Kumbe mashine ina sauti tatu. Tatu tu, hakuna ya kuongeza!

"Si upunguze moja?" mama yao, Restituta, akamshauri.

"Nimpunje mgonjwa, mama?"

Wiki mbili alihangaika, redio za watu zimelala mezani, mpaka akapata ujanja. Sauti ya tatu aliirusharusha kati ya noti ya tenori na noti ya besi, mbio mbio, hata sikio likadanganyika likasikia watu wawili. Mchana aliomaliza, Digna akiwa amelala, aliusikiliza peke yake akalia. Zilikuwa nne, haki ya Mungu.

Akauhifadhi kwenye kaseti ya kawaida. Lakini elewa jambo moja: kwenye kaseti ile hakukuwa na muziki, kulikuwa na maagizo ya mashine kujisomea yenyewe. Ukiiweka kwenye redio hutoa mlio tu, kama msumari unaokwaruzwa kwenye bati. Digna alipoamka, umeme ulikuwa umekatika. Uliporudi, ulirudi kwa kishindo, ukaunguza transfoma ya mashine.

Nyingine ya kufaa alikuwa nayo Salimu, mwenye duka kule Mkula. Fulgence akamkabidhi mama yake kaseti.

"Mama, wimbo wa dada umo humu. Itunze sana. Kesho narudi."

Akadandia lori. Hayo tu ndiyo aliyosema! Fundi mzima, kila siku maneno hayamwishi, siku hiyo akawa na haraka.

Mvua ikanyesha, lori likakwama kwenye matope, kesho ikawa keshokutwa. Alipofika Kibaoni na transfoma kwapani, aliwakuta wanawake wameketi chini uani, khanga viunoni, mama yake katikati yao. Hakuhitaji kuambiwa.

"Alikuwa anazimika, baba," mama yake alisema, akimshika mkono. "Nikaona asiondoke bila kuusikia. Nikaiweka kaseti kwenye redio."

Fulgence aliiweka transfoma chini.

"Aliusikiliza wote. Mimi nilitaka kuzima, akanikataza kwa mkono. Halafu akasema, 'Mwambieni mdogo wangu asijilaumu, amejitahidi.' Akageukia ukutani." Mama alimtazama, macho yamevimba. "Mwanangu, ndio wimbo wenyewe ule? Au nilikosea mimi?"

Hasira ilimpanda, hasira ya kujichukia yeye mwenyewe. Alitaka kupiga ukelele kwamba dada hakuusikia, kwamba alikufa akisikiliza makelele na kuyavumilia kwa ajili yake. Lakini neno moja tu la kweli, na mama huyu angelibeba mpaka kaburini.

"Ndio wenyewe, mama," alisema. "Mashine ilinishinda."

"Afadhali," mama akasema, akashusha pumzi. "Niliogopa nimeharibu."

Walipokwisha kuzika, transfoma aliirudisha Mkula bila kuichomeka popote. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili. Wimbo ungepigwa hata mara moja, mama angeusikia, na angejua.