Karatasi ya Mahudhurio

Karatasi ya mahudhurio ilinifikia kabla sijakaa sawasawa. Juu ya mistari ya sahihi paliandikwa: "Wananchi walioshirikishwa na kuridhia." Kuridhia nini, jamani, na kikao hakijaanza?

Mimi ni fundi cherehani. Majina yetu kumi na mawili yaliokotwa kwa bahati nasibu, tuamue kama hospitali ianze kurekebisha vinasaba vya watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Binti yangu anaumwa huo ugonjwa. Maumivu yakimshika mifupani, hulia mpaka sauti imkauke. Kwa hiyo nilikuja na "ndiyo" yangu mdomoni.

Asubuhi nzima daktari alituonyesha picha ukutani. Kila tulipouliza, msimamizi wa kikao alitabasamu: "Maoni yamepokelewa." Yamepokelewa wapi? Kalamu yake haikuvuliwa kifuniko hata mara moja! Damu ikanichemka, nikasimama.

"Daktari, tiba ikimdhuru mtoto miaka kumi baadaye, nani atamhudumia?"

"Hilo liko nje ya mada, mama," msimamizi akadakia.

"Nje ya mada? Mtoto ndiye mada!"

Mwashi aliyekaa kando yangu akaguna. "Waambie, dada. Sisi tumeletwa kujaza viti tu."

Daktari aliinamisha kichwa. "Kusema kweli, halijapangwa. Lakini msipotia sahihi leo, mpango utasubiri mwaka mzima."

Mwaka mzima! Nilitamani kusaini, niondoke, nijifanye sikusikia. Lakini kazini kwangu sikati kitambaa kabla sijampima mteja, maana mkasi ukishapita haurudi. Sembuse mtoto wa mtu.

Nikampokonya msimamizi kalamu, nikavua kifuniko, nikakata neno "kuridhia" na kuandika swali langu pale pale. Nikasaini chini yake. Mwashi akafuata, kisha wengine, mmoja mmoja, huku msimamizi akilalamika kwamba tumemharibia karatasi.

Nyumbani nilimkuta binti yangu amejikunja kitandani, chupa ya maji moto magotini.

"Mama, wamekubali?"

"Bado, mwanangu. Kuna swali nimewauliza. Wakilijibu, wataanza. Labda mwakani."

Akainua kichwa.

"Si ungeuliza wakishaanza?"

Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamkanda magoti, naye akageukia ukutani, lakini mkono wangu hakuuondoa.