Kasi ya Wastani

Mume wangu Salmini anafundisha hesabu Masasi, na kwake kila kitu duniani kina mlinganyo. Mtoto wetu alipokaribia kutoka jandoni, nilimsihi twende wote Makote, kwetu, siku moja kabla. Akagoma. Alikuwa na twisheni ya likizo asubuhi ya siku yenyewe, akimaliza saa mbili atapanda pikipiki. Kunituliza, akaniandikia kabisa. Umbali ni kilometa themanini, muda ni t. Nusu ya kwanza ni tambarare, pikipiki inakwenda kilometa sitini kwa saa. Nusu ya pili ni kupanda mlima na kukwepa makorongo, ishirini. Wastani wake arobaini. Themanini gawa kwa arobaini, t ni saa mbili.

"Saa nne kamili nipo mkekani," akaniambia.

Mimi hesabu ziliniacha zamani. Nikatangulia peke yangu.

Kwetu, siku ya kutoka, mtoto anaacha jina la utotoni na kupewa jipya. Anayelitoa ni baba, na hulitunza moyoni. Hata mama haambiwi mpaka mtoto akae mkekani. Baba asipokuwepo, mjomba anatoa la kwake. Watoto hutolewa wote kwa pamoja, hakuna wa kubakizwa.

Saa nne wakaletwa. Nilimpigia Salmini simu, hapatikani. Kaka yangu Rajabu akawaomba wapiga ngoma waurudie wimbo, wakaurudia, barabara bado tupu. Mwisho akapiga magoti mbele ya mwanangu akampa jina lake mwenyewe, Rajabu. Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikapiga, huku hasira zimenijaa.

Salmini alifika saa nne na dakika arobaini, vumbi hadi kwenye kope. Nilipomweleza, hakubisha, jambo ambalo si kawaida yake. Alikaa kwenye gogo akaanza kuhesabu kwa sauti. Kilometa arobaini za tambarare, dakika arobaini. Kilometa arobaini za mlima, saa mbili nzima.

"Nilijumlisha kasi mbili nikagawa kwa mbili," akasema. "Nilisahau kwamba mlimani ninakaa muda mrefu zaidi. Kila mwaka nawakata wanafunzi alama kwa kosa hilihili."

Nilikuwa nimemwandalia maneno makali. Yote yakaniishia. Nikamuuliza tu alikuwa amemtunzia mtoto jina gani.

"Bwanali."

Bwanali ni marehemu baba yake, aliyemlea peke yake tangu mama yake afariki, akimpikia na kumfulia sare kwa mikono yake. Hakuna mjukuu aliyewahi kupewa jina lile. Sisi tuna wasichana watatu na huyu mmoja wa kiume, na mimi nilishafunga kizazi. Jina la mkekani halibadilishwi. Rajabu aliposikia alimwomba shemeji yake radhi, kana kwamba kosa ni lake. Nikawahurumia wote wawili.

Ndipo mtoto akaja, kichwa kimenyolewa, kanzu mpya inaburuza chini. Jandoni walikuwa wamemfundisha namna ya kumsalimia baba na kujitambulisha upya.

"Shikamoo baba. Mimi ni Rajabu."

Salmini alisimama. Alifumbua mdomo, na nilijua ni jina gani lililokuwa linataka kutoka. Mtoto akasubiri kuitikiwa, uso wote umejaa fahari.

"Marahaba, Rajabu," baba yake akasema, akampa mkono.